Adharauye Utando wa Maji

Wapo watu, na wengine wao ni wasomi wa sifa, wasemao kuwa katika elimu kuna mambo makubwa na mambo madogo, na kuwa nchi isiyo na mali haina budi kuyashika makubwa na kuwaachia madogo wale waliokwisha shiba. Wakimwona kijana ameinamia karatasi akihesabu jinsi maji membamba yateremkavyo juu ya chuma cha moto, hucheka. Humwuliza kama hesabu ile italiwa, au itaezeka nyumba. Kicheko hicho nakipinga. Katika Kisiwa cha Mombasa, ambacho bahari imekizunguka pande zote na ambacho wakazi wake wengi hununua maji ya kunywa kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, haifai mtu yeyote kuicheka elimu ihusuyo maji na moto kabla hajauliza inasema nini.

Jambo lenyewe ni hili. Maji yakitandaa juu ya uso ulioinama na kuteremka, hali ni membamba kama ngozi ya kitunguu, huitwa utando. Swali ni kama utando huo utabaki laini au utajikunja mawimbi. Na uso ule ukipashwa moto, kama utaendelea kufunikwa wote, au utando utapasuka na kuacha mabaka makavu. Kurudi katika hali ya kwanza baada ya kutikiswa kidogo ndiko wanazuoni wakuitako uthabiti. Utando ulio thabiti ukiguswa hutulia. Usio thabiti, hata ukiguswa kwa pumzi tu, tikiso lile hukua lenyewe. Karatasi ichekwayo ni kielelezo cha utando: si utando wenyewe, bali ni milinganyo michache iliyochukua uzito wa maji, mnato wake, mvutano wa uso wake na joto lake, ikaacha mengine yote nje, ili akili ipate kuona ni lipi kati ya hayo lishikalo usukani.

Msomaji hana haja ya kwenda mbali ili auone. Wakati wa masika, mvua kubwa ikiupiga Mji wa Kale, simama barazani penye mojawapo ya njia ziteremkazo kutoka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, mahali palipotiwa saruji. Maji hayateremki kama kitambaa kilichonyooshwa. Huteremka kwa mistari iliyokingama, wimbi nyuma ya wimbi, kama ngazi zitembeazo. Na wimbi nene hulifukuza wimbi jembamba, hulifikia, hulimeza. Si upepo uyafanyao, maana hutokea hata katika vichochoro ambamo nyumba zimesongamana kiasi cha kuunyima upepo njia. Si jiwe wala shimo, maana huanza hata mahali palipo laini. Mteremko ni ule ule na mvua ni ile ile kutoka juu hadi chini. Nani basi aliyeyakunja maji? Vizazi vimeyaruka mawimbi hayo viatu mkononi bila ya kuuliza, na hilo silo la kujivunia.

Mjerumani Wilhelm Nusselt, mhandisi wa mambo ya joto, alikuwa mmoja wa waliouliza mapema. Mwaka 1916 alichunguza mvuke ugeukao maji juu ya ukuta wa baridi na kuteremka kama utando. Alichukulia kuwa utando ni laini, bila ya wimbi lolote, kisha akapima mvutano kati ya uzito uyavutao maji chini na mnato uyashikao ukutani. Maji yaliyogusa ukuta hayaendi. Yaliyo mbali nao ndiyo yaendayo mbio. Kwa hiyo unene ukiongezeka kidogo mbio huongezeka sana: unene ukiwa mara mbili, maji yapitayo huwa mara nane. Mimina lita 6 kwa dakika juu ya kila mita moja ya upana wa ukuta uliosimama wima, na hesabu ya Nusselt yakuambia kuwa utando utakuwa na unene wa karibu milimita 0.3. Ni hesabu ya mistari mitatu, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Lakini yasema habari za utando laini, na sisi tumekwisha kuona kuwa utando hukataa kuwa laini.

Hapa nawaomba wachekaji watege masikio. Mwaka 1946 Pyotr Kapitza, mwanazuoni wa Kirusi aliyekuwa amekwisha pata jina duniani kwa kazi zake za baridi kali, aliondolewa katika taasisi ambayo yeye mwenyewe aliianzisha. Akaenda kukaa shamba, akageuza vibanda vya nyumba yake kuwa karakana. Mtu aliyezoea mitambo mikubwa ya taifa, sasa hana mtambo. Je, alikaa akalia? Alichukua bomba, akateremsha juu yake maji membamba, akayatazama. Akishirikiana na mwanawe Sergei, aliandika kati ya 1948 na 1949 habari za mawimbi ya utando huo kwa uangalifu ambao hata leo hatajwi mwanafunzi wa somo hili asiyezisoma. Mwaka 1978 alipewa tuzo ya Nobel, si kwa kazi hii, bali kwa zile za baridi. Nayataja haya kwa sababu udhuru tuupendao kuliko wote ni kuwa hatuna maabara. Kapitza alinyang'anywa maabara, naye akachagua jambo ambalo kibanda chalitosha.

Baada yake walikuja wa kalamu. Brooke Benjamin wa Uingereza mwaka 1957, na Yih Chia-Shun, mzaliwa wa China aliyefundisha Marekani, mwaka 1963, walionyesha kwa milinganyo lini utando ukae na lini ujikunje. Yote hukutana katika namba moja ijulikanayo kama namba ya Reynolds: kasi ya wastani ya maji, mara unene wa utando, mara densiti, kugawanya kwa mnato. Namba hiyo ikizidi sudusi tano za kotanjenti ya pembe ya mteremko, utando hauna uthabiti tena. Chukua uso ulioinama nyuzi 45. Kotanjenti ni 1, na mpaka ni sudusi tano tu. Kwa maji ya kawaida, utando hufika mpaka huo ukiwa na unene wa milimita 0.07, ambao ni kama unene wa unywele mmoja. Na ukuta uliosimama wima? Kotanjenti ya nyuzi 90 ni sifuri. Maana yake hakuna utando wa kuteremka ukutani ulio thabiti, hata uwe mwembamba namna gani. Ukionekana mlaini, ni kwa kuwa wimbi lake hukua polepole, na ukuta huisha kabla halijaonekana.

Sababu yake haina uchawi. Mahali penye unene maji huenda mbio zaidi, lakini maji, kama punda aliyezoea mwendo wake, hayabadili kasi mara moja. Wimbi likipita, maji ya chini yake hukawia kuufuata mwendo mpya, na kule kukawia huyarundika zaidi pale palipokwisha rundikana. Nguvu iyazuiayo ni uzito, ambao juu ya mteremko hupenda kusawazisha kila kilichoinuka. Mteremko ukiwa mkali, uzito huacha kusawazisha ukafanya kazi ya kuvuta tu, na mrundiko hupata ushindi.

Pana tunda jingine la hesabu hiyo ambalo mwanafunzi aweza kulichuma kwa mkono wake. Wimbi dogo na refu juu ya utando huenda mara mbili ya kasi ya maji yaliyo juu kabisa. Twaa kioo cha dirisha, kiinamishe, kimiminie maji kidogo kidogo yasawazike, kisha utupe juu yake chembe za majivu. Majivu yatakwenda, na mawimbi yatayapita. Wimbi si maji yaendayo; ni umbo liendalo juu ya maji. Kitabu kizima cha maelezo hakikushindi kioo hicho na saa ya mkononi.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya maji ya baridi. Moto ukiingia, mambo hugeuka, na darasa lake liko jikoni. Mpishi wa chapati atilia kijiko cha mafuta katika kikaango cha moto. Mafuta hutandaa, kisha, mara, katikati pakaanza kukauka. Mafuta yamekimbilia kandoni, na chapati hushika palepale palipokauka. Mpishi husema kikaango kibaya. Mwaka 2021 wanazuoni wawili wa Prague, Alexander Fedorchenko na Jan Hrubý, walichapisha uchunguzi wa jambo hilo hilo, wakaonyesha kuwa mwenye kosa si kikaango. Uso wa kila kioevu umejivuta kama ngozi ya ngoma, na mvutano huo hupungua kioevu kikipata moto. Kwa maji, mvutano ambao ni milinyutoni 73 kwa mita katika nyuzi 20 za Selsiasi hushuka hadi 59 katika nyuzi 100. Penye joto uso hulegea, penye baridi hukaza. Panapokaza hupavuta panapolegea. Katikati ya kikaango ndipo penye moto mkali, basi mafuta huvutwa yaende pembeni. Kuvutana huku kwaitwa kwa jina la Mwitalia Carlo Marangoni aliyekuandika mwaka 1865, ijapokuwa James Thomson wa Uingereza alikwisha kueleza mwaka 1855. (Majina ya mambo hayaendi kwa haki kila siku.)

Sasa weka pamoja. Utando wa maji unateremka juu ya chuma cha moto. Mahali palipo pembamba, uso wa maji uko karibu na chuma, basi ni wa moto zaidi. Ukiwa wa moto hulegea. Ukilegea maji yake huvutwa kwenda mahali palipo panene na pa baridi. Pembamba huzidi kuwa pembamba. Nguvu mbili sasa zaushambulia utando: kukawia kwa maji, na kuvutana kwa uso. Maji yakiwa mengi, ya kwanza hushika usukani, nayo huleta mawimbi. Maji yakiwa machache, ya pili hushika, nayo huukata utando kuwa vijito vilivyonyooka, na kati ya kijito na kijito chuma hubaki kikavu. Mawimbi ni rafiki, maana huyakoroga maji na kulipitisha joto upesi. Ukavu ni adui. Mhandisi ataka kiasi cha maji ambacho hakipotezi nguvu za pampu wala hakiachi baka kavu, na kiasi hicho hakipatikani kwa kukisia.

Wachekaji wana hoja moja ambayo siidharau. Wasema vielelezo hukosea. Ni kweli. Mwaka 1966 D. J. Benney alitoa mlinganyo mzuri wa utando, uliojaa matumaini, unaofuata unene peke yake. Kwa mwendo wa polepole hufanya kazi vyema. Maji yakizidi, mlinganyo huo hutabiri wimbi linalokua bila ya kikomo kwa muda mfupi, jambo ambalo hakuna ukuta uliopata kuliona. Lakini ni nani aliyeligundua kosa hilo? Si wachekaji. Ni wenye kuhesabu, waliouweka mlinganyo mbele ya maji na kuuona ukisema uwongo, kisha mmoja baada ya mwingine wakautengeneza, V. Shkadov katika Urusi mwaka 1967, na wengine waliofuata. Kielelezo kilichokosea mahali panapojulikana ni chombo. Kukisia hakukosei mahali panapojulikana, kwa sababu hakujulikani kulipo.

Tuje sasa penye kiu. Maji ya Mombasa hutoka mbali. Chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi huyaleta kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki huongeza. Hayatoshi, na mwenye nyumba wa Mji wa Kale halihitaji gazeti limwambie hivyo. Tena si kiu ya jana. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichimbiwa birika la kukingia maji ya mvua, na waliozingirwa ndani yake kuanzia 1696 hadi 1698 waliijua thamani ya kila kibaba. Tangu 2018 zimesikika mara kwa mara habari za kujenga mitambo ya kutoa chumvi katika maji ya bahari. Ndugu zetu wa Maskati walianza kunywa maji ya namna hiyo kutoka mtambo wa Ghubra mwaka 1976, kwa hiyo si ndoto.

Namna mojawapo ya kutoa chumvi ni hii. Mvuke hupitishwa ndani ya mabomba yaliyolazwa, na maji ya bahari hunyunyizwa juu yake. Maji hayo hutandaa, huwa utando, hupata moto, na sehemu yake huondoka kuwa mvuke safi. Mvuke huo hupelekwa katika mabomba ya chumba cha pili, ambamo hewa imepunguzwa zaidi, ukavukize maji mengine, na hivyo chumba baada ya chumba. Moto mmoja hutumika mara nyingi. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Utando ukipasuka, pale palipokauka chumvi na chokaa hushika kama ukoko wa wali chunguni. Ukoko huzuia joto, bomba huzaa kidogo, mwenye mtambo huongeza moto, ukoko huzidi. Hii ndiyo sababu wenye mitambo hiyo hawapendi joto lipite nyuzi 70, na hii ndiyo sababu utando ule uliochekwa una thamani ya fedha. Mtambo mzima wasimama au waanguka juu ya maji yenye unene wa sehemu ya milimita.

Nitaambiwa: mitambo mingi mipya haitumii moto, huyasukuma maji kwa nguvu kupitia ngozi yenye vitundu visivyoonekana, nayo hutumia nguvu chache zaidi. Nakubali. Mahali ambapo moto hununuliwa, ngozi hiyo hushinda. Lakini tazama ng'ambo ya kisiwa, Kipevu, ambako mtambo wa umeme wa megawati 120 ulianza kazi mwaka 2011 kwa injini za mafuta mazito. Injini bora ya namna hiyo hugeuza chini kidogo ya nusu ya nguvu za mafuta kuwa umeme. Iliyobaki hutoka kwa moshi na maji ya kupozea. Hiyo ni nishati ambayo imekwisha lipiwa. Kila megawati moja ya joto, ikishikwa, yaweza kuvukiza karibu tani 37 za maji kwa siku katika chumba kimoja, bila ya kuhesabu joto la kuyapasha kwanza, na vyumba vikifuatana mazao huongezeka mara kadhaa. Joto lote halishikiki, na mtambo hauwaki kila saa. Huenda hesabu kamili ikionyesha kuwa ngozi bado ni rahisi. Vema, na tununue ngozi! Ninachokataa ni kuwa uamuzi huo ufanywe na muuzaji, kwa kuwa upande wetu wa meza hakuna aliyekaa na karatasi.

Na watu wa kukaa na karatasi wanaweza kutoka hapa hapa. Chuo kilichoko Tudor, kilichoanzishwa kwa jina la MIOME katika miaka ya mwisho ya 1940 ili kuwafunza vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki kazi za ufundi, tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Waliokianzisha waliamini kuwa mtoto wa pwani aweza kuijua injini. Hatua iliyobaki ni kuamini kuwa aweza kujua kwa nini bomba lakauka, jambo ambalo injini yenyewe haimwambii. Vioo, majivu, kikaango na saa vipo. Hisabati ya sekondari yatosha kwa nusu ya safari, na nusu ya pili yafundishwa huko chuoni. Mdharau mwiba mguu huota tende, wasema wazee. Na mitambo ya gharama kubwa iliyoachwa ikaota kutu katika bara letu ni mingi kiasi cha mtu kuweza kuutambua mguu huo kwa mbali.

Basi siku mtambo wa namna hiyo utakapoletwa Mombasa, nataka katika chumba cha mapatano awepo kijana mmoja wa kisiwa hiki wa kumwuliza muuzaji maneno matatu. La kwanza, ni lita ngapi kwa dakika zamiminwa juu ya kila mita ya bomba, na kiasi hicho ni mara ngapi ya kile ambacho utando hupasuka ukiwa chini yake? La pili, kielelezo kilichotoa kiasi hicho kilipimwa kwa maji ya bahari gani, na kwa joto gani? La tatu, pampu ikisimama kwa dakika tano kwa kukatika umeme, na mvuke ungali ndani ya mabomba, ni safu ipi itakayokauka kwanza?